Jinsi nilivyojua kinachoua seli: asidi, si sumu

Kwenye labo yetu Lubumbashi tulikuwa tunapima PLGA, polima ya skurubu za mifupa zinazoyeyuka mwilini. Seli zilikufa kila mara, na majimaji ya kuzilishia, ambayo huwa mekundu, yakawa ya manjano. Wenzangu walilaumu umeme kukatika. Lakini umeme ukikatika, kabati la kukuzia seli hupungukiwa kaboni dioksidi, na hapo rangi huelekea zambarau. Manjano ni asidi. PLGA ikivunjwa na maji hutoa asidi ya laktiki na ya glikoliki, na kwenye kisahani cha seli hakuna damu ya kuiondoa.

Nikaloweka polima kwenye majimaji hayo saa 24 kwa 37°C, kisha nikayagawa: nusu nikayaacha, nusu nikayarekebisha kwa sodiamu haidroksaidi hadi pH (kipimo cha asidi) 7.4, kama ya damu. Kwenye nusu iliyorekebishwa seli hai zikavuka asilimia 70, kiwango cha ISO 10993-5, mwongozo wa kimataifa wa kupima kama vifaa vya tiba vinaua seli. Ripotini niliweka matokeo yote mawili, maana mfupa wa mgonjwa nao utakutana na asidi hiyo.