Siku moja maishani mwangu: bei hiyo ni ya pea au ya dazeni?

Saa 2 asubuhi, Kariakoo. Kazi yangu ni kupandisha bidhaa kwenye duka la mtandaoni, ila kabla ya kompyuta, hesabu ya mzigo. Katoni ya soksi ina dazeni 10, yaani pea 120. Rejareja pea ni sh 2,000, dazeni sh 18,000, katoni sh 165,000. Kwa dazeni pea inaangukia sh 1,500, kwa katoni sh 1,375. Naziandika zote mbili kwenye maelezo, maana mnunuzi wa jumla hupigia hesabu pea hata akibeba katoni.

Saa 3, kupandisha tangazo. Kinachowaponza wengi ni sehemu ya idadi. Mfumo unauliza una vingapi vya kile ulichokiwekea bei. Bei ikiwa ya dazeni, jibu ni 10. Ukiandika 120 umetangaza pea 1,440 wakati unazo 120 tu. eBay, soko la mtandaoni, wana sehemu ya vitu vilivyomo katika fungu moja, mbali na idadi ya mafungu. Pasipo na sehemu hiyo, kichwa cha tangazo kibebe kipimo: "Soksi za pamba, dazeni 1, pea 12". Na picha ya kwanza ifanane na bei. Bei ya pea chini ya picha ya dazeni ni ugomvi unaofika na boda.

Saa 5, machaguo. Ukiweka pea, dazeni na katoni kwenye tangazo moja, wateja wanaotafuta huenda wakaona "sh 2,000 – 165,000", na hiyo haimwambii mtu kitu. Katoni naipa tangazo lake. Pea na dazeni hukaa pamoja, ila stoo ina mtego: kila chaguo huhesabiwa peke yake. Ukitoa pea 5 kwenye dazeni iliyofungwa, dazeni hiyo imeshavunjika, lakini tangazo bado linasema zipo 10. Ndiyo maana nafungua mbili tu tangu mwanzo. Zinazoingia kwenye mfumo ni dazeni 8 na pea 24.

Saa 8 mchana, faili la CSV, yaani jedwali la kupandisha bidhaa nyingi kwa mkupuo. Bei iandikwe 18000. Mkato humo hutenganisha safu, hivyo 18,000 hukatika: 18 inabaki kwenye bei, 000 inasogea safu inayofuata. Kama safu hiyo ni ya idadi, una bahati: dazeni ya shilingi 18, lakini imeisha.

Saa 10, kujaribu kapu kama mteja. Dazeni 3 ni sh 54,000. Usafiri wa sh 5,000 ukigeuka 15,000, ada imewekwa kwa kila kipimo ilhali mfuko ni mmoja. Ada ya usafiri kwa kila dazeni inayofuata ile ya kwanza iwe 0. Kisha punguzo: kuanzia dazeni 3, kila moja sh 17,000. Kapu lisome 51,000. Likisoma 53,000, punguzo limeshika dazeni ya tatu peke yake, na mipangilio inafunguliwa upya kabla ya duka kufungwa.