Unaliendesha kama la watu

Bibi yule hata jina langu halijui, wala sidhani kama ananikumbuka. Mimi nakunja nguo za watoto, namkumbuka. Nakuna nazi, namkumbuka. Juzi ofisini mteja kaniuliza kontena lake limefikia wapi, nikamjibu, "Ni letu, bibi." Mwanamume mzima mwenye ndevu. Akanitazama, akaniuliza kama nimepata homa.

Yalianzia kwenye harusi moja ya Kongowea, hapa Mombasa. Baba Watoto alikuwa na zamu bandarini, kwa hivyo Mwingereza, gari letu la kubebea maharusi, nilimwendesha mimi. Nyuma kakaa bi harusi, somo yake, na bibi mzaa mama. Tumepanda daraja la Nyali kwa mwendo wa harusi, honi mbele na nyuma, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho maana bi harusi kavaa nguo nzito na wanja ulishaanza kumtiririka. Tunashukia upande wa kisiwani, karibu na Buxton, taa ya saspensheni ikawaka. Ikafuata ya breki. Ikafuata ya giaboksi. Kioo kikaniandikia kwa Kiingereza safi nipunguze mwendo, na mwendo wenyewe nilikuwa sina. Gari likaanza kujishusha, likachutama na sisi ndani, kisha injini ikazima.

Bi harusi alitolewa upesi akapakiwa kwenye gari la binamu yake, somo akamfuata, vigelegele vikaendelea kama kawaida. Bibi akagoma.

"Mimi nimepakiwa hapa. N'tashukia niendako."

Tukabaki wawili na joto. Akatazama dari, akatazama milango, akapitisha kidole kwenye kiti, juu ya ile nailoni. Ni nailoni ambayo shemeji, kaka yake Baba Watoto, aliagiza tuvishe viti tangu siku gari lilipotoka bandarini, ngozi isichafuke.

"Gari hili ni lenu, mwanangu, au ni la watu?"

"Letu, bibi."

Akanyamaza. Matatu zikapita zikitutukana kwa honi. Kisha, kwa sauti ileile ya upole:

"Basi mbona unaliendesha kama la watu?"

Sikumjibu. Nilijitia kushughulika na simu. Baada ya muda nikabonyeza stati bila matumaini yoyote, na Mwingereza akawaka, akanyanyuka, taa zote zikazima, ungesema hakuna kilichotokea. Nikamfikisha bibi ukumbini Tudor. Aliposhuka akaniombea dua ndefu, akachomoa kikuba chake cha asumini na rihani akanipachika kwenye mtandio. Hapo ndipo aliponimaliza. Angenikasirikia ningejua pa kuliweka neno lake. Mtu hakupi kikuba akiwa anakudharau. Au anakupa?

Wiki yenyewe ilijaa: barua yangu ya kazi ya kudumu hatimaye imetoka, wifi kajifungua mapacha salama, alhamdulillahi, na mimi bado nimekaa kwenye kiti cha mbele pale Buxton namtafutia bibi jibu.

Maana aliona nini hasa? Huenda ni mikono yangu, nilivyoshika usukani. Huenda ni hiyo "letu" yangu iliyotoka haraka mno. Fedha ya kununulia alitoa shemeji, yuko Maskati. Logibuku ina jina lake. Tunamlipa kidogo kidogo kila harusi inapoingia, na spea, bima, mafuta, kuliosha na kulilinda ni sisi. Sasa gari la namna hiyo ni la nani? Kwa hesabu yangu ni letu. Lakini hesabu hiyo huwezi kumpigia bi kizee wa watu kwenye jua la saa tisa.

Haya, tuje kwenye ugonjwa.

Kwanza tulimwita kijana mmoja mwenye mashine ya kusomea hitilafu. Akachomeka waya wake chini ya usukani, namba zikajaa kioo kizima, akazisoma kwa huzuni ya mtu anayetoa habari ya msiba. Hukumu yake: kompresa ya saspensheni, ile pampu ya hewa inayolinyanyua gari, imekufa, komputa ya breki imekufa, tutafute 140,000. Baba Watoto akakaa chini kwenye ukingo wa baraza. Mimi nikapiga picha ile orodha, kwa sababu kazi yangu mchana kutwa ni kusoma fomu za watu, na niliona namba nyingi zinaanza na herufi U. Nikatafuta maana. Namba za U ni za mawasiliano: komputa moja inalalamika kuwa haimsikii mwenzake. Komputa hazikuwa zimekufa. Zilikuwa hazisikizani.

Nikampelekea fundi wetu wa Majengo ile picha. Akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Nyumba nzima ikiharisha, utamtibu mtoto mmoja mmoja au utaangalia tangi?"

Tangi hapa ni umeme wenyewe. Gari hizi zina komputa kila pembe, ya milango, ya viti, ya saspensheni, ya giaboksi, na kila moja inataka volti zake zitulie. Zikishuka, hakuna inayosema "nina njaa". Kila moja inarusha lawama ya kwake, na anayesoma lawama bila kupima anaishia kununua kompresa.

Na ngoja niseme jambo ambalo watu wa ofisi yetu tunaliona kila siku kwenye makaratasi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ni sheria nzuri, siipingi. Ila kwa gari la kifahari maana yake ni kwamba bei inakuwa ya kuvumilika kwetu pale linapofika mwaka wa 7, na huo ndio wakati mwenye gari wa kwanza kachoka na bili za gereji anataka mtu wa kumwachia. Anatuachia sisi. Mwingereza alitumika kwao, kule ambako wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu isigande. Kisha akaja Mombasa kuvuta hewa ya bahari. Chumvi juu ya chumvi, na shaba ndiyo inayolipa.

Baba Watoto alikuwa na dhana zake mbili na ilibidi tuzimalize. Ya kwanza maji, maana majani ya mwarobaini yaliwahi kuziba mirija ya kutolea maji ya paa la kioo. Tukainua zulia la upande wa abiria, pakavu. Ya pili, kwamba kuna kitu kinaiba umeme usiku gari likiwa limelala. Tukafunga milango, ufunguo nikaupeleka jikoni kabisa, tukasubiri komputa zote zilale ndipo tukasoma. Miliampia 30. Chini ya 50 hakuna wa kumshika. Betri nayo volti 12.6, imeshiba.

"Sasa washa," fundi akasema. "Washa kila kitu. Jifanye una bi harusi."

Nikawasha injini, taa kubwa, kiyoyozi mpaka mwisho, feni, kipasha joto cha kioo cha nyuma ambacho sijui Mombasa kina kazi gani. Fundi akanipa sindano za mita nishike mwenyewe. Kwenye altaneta, inayozalisha umeme injini ikizunguka, 14.3. Kwenye vichwa vya betri, 13.2. Volti moja na ushei imepotea kati ya vitu viwili ambavyo ningeweza kuvigusa pamoja kwa mikono yangu.

"Itafute," akasema.

Sindano moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye nati ya altaneta: 0.2. Si hapo. Sindano moja kwenye kichwa hasi, nyingine kwenye chuma cha injini: 0.9. Hapo panatakiwa isizidi 0.2. Nikahisi nywele za mkono zinasimama, wallahi.

Waya wa athi. Ule mfupi, mnene, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, ambao kazi yake ni kurudisha umeme nyumbani. Umeme unaoenda lazima urudi, na njia ya kurudi ikiwa nyembamba hakuna kinachoshiba. Kijana wa mashine alikuwa ameshaupima, tena mbele yetu, kwa ile sauti ya mita. Mita ikalia piii, akasema mzima.

Fundi akacheka. "Mlio unataka uzi mmoja tu wa shaba. Stata inataka nyuzi zote."

Nimeipenda kauli hiyo kuliko nilivyopenda barua ya kazi. Akazungusha klampu yake kwenye waya, ikasoma ampia 80. Nikapiga hesabu kwenye simu: 0.9 gawanya kwa 80, unapata kama omu 0.011. Mita yetu ya kawaida hiyo haiioni kabisa, sindano zake peke yake zina zaidi ya hapo. Ndiyo maana ukipima gari likiwa limezimwa kila kitu ni kizima. Lazima mzigo uwepo. Na ndiyo maana liliwaka tena lenyewe pale Buxton: sehemu iliyoliwa hupata moto umeme mwingi ukipita, inazidi kubana, ikipoa inaachia kidogo.

Akaufungua ule waya. Kwa nje mweusi, mzuri, umevimba tu kidogo karibu na bolti. Akaupasua ngozi kwa kisu na unga wa kijani ukamwagikia kiganjani kwake. Ndani zimebaki nyuzi chache za rangi ya shaba, nyingine zikivunjika akizigusa kwa ukucha. Akakata kipande cha waya wa kuchomelea, akakibana lagi mpya, vile vichwa vya kufungia bolti, kila ncha, akapiga msasa pale kwenye bodi mpaka rangi ikaisha na chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi juu. Tukawasha kila kitu tena. Nikaweka sindano palepale.

0.02.

Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Waya, lagi na kazi, 1,500. Nikatoka Majengo peke yangu, kila kitu kimewashwa pamoja na kile kipasha joto cha kioo, nikapita Makupa, nikazunguka mpaka Mama Ngina, foleni, matuta, taa hazikuwaka hata moja. Nikafungua vioo nikaweka taarabu. Nilikata kona moja Kizingo kwa mwendo ambao sitauandika, kwa kuwa Baba Watoto anasoma hapa.

Nilipofika nyumbani nikamweleza hatimaye habari ya bibi, maana nilikuwa sijamwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Alimaanisha unakwenda polepole! Bi kizee ana njaa, anasikia harufu ya biriani kutoka Tudor, na wewe umemshikilia darajani." Nikacheka na mimi. Ilikuwa na maana kabisa. Wiki nzima nimejitesa kumbe ni biriani.

Kwa furaha hiyo nikachukua kisu cha jikoni nikaenda kuitoa nailoni. Nimeanza na kiti cha dereva. Ngozi chini yake ni laini, ina harufu ya vumbi na jasho la nailoni, na mimi miaka yote hii sijaikalia. Nikahamia cha abiria. Baba Watoto akatokea mlangoni na kanzu yake ya kulalia.

"Hicho ngoja. Tumuulize kaka kwanza."

Hakusema kwa ubaya. Akageuka akarudi ndani kutazama mpira. Nimesimama pale na kisu mkononi, na bibi akarudi, na nailoni yake na kidole chake na sauti yake ya upole. Hakumaanisha biriani. Siamini. Na kama alimaanisha biriani, basi alipiga jiwe gizani likampata mtu.

Nimekiacha nusu. Jumamosi kuna harusi nyingine, watu wa Bamburi, watakuta kiti kimoja uchi na vingine vimevaa, na atakayeuliza aniulize. Kaka hajapigiwa simu. Mimi sipigi.

Tena kuna mnazi wetu wa uani. Kusi limeanza na umezidi kuegemea kwa jirani, madafu yameiva kichwani hayana wa kuyatungua, na chini ya mabati ya jirani ndiko wanakomlaza mtoto wao mchanga. Mkwezi aliahidi Alhamisi, akasogeza Jumamosi, sasa hata simu hashiki. Mwenye kumjua mkwezi wa huku Mshomoroni asiyekuwa na ahadi za uongo aniandikie, hata kama bei yake ni ya juu.