Minyoo bapa kwenye akropora zangu: tangi limefikia wapi

Februari

Wadau mnaofuatilia hili tangi langu la matumbawe ya baharini mnajua lilikuwa linaenda vizuri, lita 300, chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 na nusu, alkalini imetulia, na akropora, yale matumbawe magumu yenye matawi, za juu ya mwamba zilishaanza kutoa ncha mpya za zambarau. Sasa ile ya kijani, ambayo ndo kubwa kuliko zote, ikaanza kufifia kuanzia chini. Sio kuwa nyeupe pee kama tumbawe lililochomwa na joto, hapana, inapauka tu kama kanga iliyoanikwa juani mwezi mzima, na polipu zake, vile vinyama vidogo vyenye mdomo, hazitoki tena, mchana hazitoki na usiku hazitoki.

Ukiuliza watu kila mmoja anakwambia pima maji. Nimepima, naitreti ipo sawa, fosfeti ipo sawa, kalisiamu ipo sawa. Na kwa kweli maji yakiwa na tatizo tangi zima linalalamika, haiwezekani iugue akropora moja, wiki inayofuata jirani yake, wiki inayofuata jirani wa jirani, wakati montipora (aina nyingine ya matumbawe magumu) na zoa (vile vilaini vinavyofanana na maua) zinanenepa pembeni hapo hapo. Kitu kinachotembea kutoka tumbawe moja kwenda lingine la jamii ile ile tu, hicho ni kiumbe, hicho sio maji. Nikaweka vipimo pembeni nikachukua tochi na lenzi.

Kwenye upande wa kivulini, ule usiopigwa na taa, kuna alama za duara za rangi hafifu, ndogo kama milimita moja hivi, nyingine zimepandana. Hizo ni alama za mdomo. Mnyoo mwenyewe sijamuona kabisa, na nilikaa pale na lenzi mpaka shingo ikauma.

Nikampigia kaka mmoja wa Mombasa anayeishi Birmingham, yeye kafuga matumbawe huku Uingereza miaka mingi kuliko mimi. Akaniuliza, "Umeangalia chini?" Nikamwambia nimeangalia. "Chini kabisa kaka, pale gluu inapoishia, kwenye mfupa mtupu." Nikarudi na tochi. Yapo. Mayai ya rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia, yamebandikwa kimafungu kwenye sehemu iliyokwisha kufa, yaani ukiwa huyajui unayaona kama uchafu tu wa mwani.

Huyu mdudu ni nani

Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Prosthiostomum acroporae, zamani aliitwa Amakusaplana acroporae. Kinachonishangaza ni kwamba wafugaji walimjua kwanza kabla ya wanasayansi, ameandikwa rasmi mwaka 2011 kutokana na minyoo iliyotoka kwenye matangi, halafu mwaka uliofuata ndo ikaripotiwa kwamba ameonekana baharini, kule Lizard Island kwenye mwamba mkubwa wa Australia. Anakula akropora tu, na anapokula anameza na vile vijimwani vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulipa rangi, vinakaa tumboni mwake, kwa hiyo anakuwa na rangi ya tumbawe lenyewe. Ndo maana macho yangu yalikuwa yanapita juu yake.

Na alipenya vipi wakati kila kipande kipya nakipitisha kwenye josho, yaani nakiogesha kwenye dawa? Ni kwa sababu ya yai. Dawa za josho karibu zote, ziwe za iodini, za mafuta ya mimea, au za potasiamu kloraidi, zinamng'oa mnyoo au zinamuua, ila yai lina ganda na dawa haiingii. Kipande kinatoka kwenye josho kisafi, unakibandika kwenye mwamba, baada ya kama wiki moja na nusu mpaka tatu, inategemea na joto la maji, vinatoka vitoto. Fungu moja la mayai linaweza kuwa na vifuko zaidi ya 20 na kila kifuko kina viini kadhaa ndani. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo nikisema napambana na minyoo bapa, jueni napambana na mayai, na silaha ya kupambana na mayai ni kalenda na wembe, dawa inakuja baadaye.

Machi

Akropora zote zimetoka. Zote, hata zile zinazoonekana nzima, maana ukiacha moja umewaachia jiko. Zimehamia kwenye tangi dogo la karantini lenye hita yake, pampu yake na taa yake, na hakuna mwamba wala mchanga humo ndani, ni kioo kitupu na kirafu cha plastiki, ili kikianguka kitu nikione. Tangi kubwa limebaki na montipora, zoa na matumbawe laini, na mnyoo yeyote aliyebaki kule hana akropora ya kula, atakufa njaa. Vitoto vitakavyoanguliwa kule navyo vitakuta meza tupu.

Kwenye joto ndo nilifikiria sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook cha Australia walifuatilia mzunguko wa huyu mnyoo, wakakuta kwenye nyuzi 27 kutoka yai mpaka mnyoo anayetaga ni kama siku 38, na maji yakiwa ya baridi zaidi mambo yote yanachelewa. Watu wengi wakiona wadudu wanataka washushe joto ili wawapunguze kasi. Mimi nimepandisha, taratibu, mpaka 27 kwenye matangi yote mawili, maana nataka mayai yaanguliwe haraka na kwa ratiba ninayoijua, halafu josho liwakute wakiwa bado wadogo kabla hawajafika umri wa kutaga. Joto la 27 akropora inalimudu vizuri tu, matumbawe ya kwetu Mafia na Tanga yanaishi kwenye maji ya moto kuliko hayo miezi mingi ya mwaka.

Siku ya josho inakwenda hivi. Ndoo ya kwanza maji ya tangi yenye dawa, ndoo ya pili maji ya tangi matupu ya kusuuzia, yote yana joto sawa na karantini. Kila tumbawe linaingia ndoo ya kwanza dakika kumi hivi, fuata maelezo ya chupa yako maana dawa zinatofautiana, na muda wote napuliza maji kwa lile bomba la jikoni lenye mpira wa kubinya, napuliza kwa nguvu katikati ya matawi, chini, kila upenyo, kwa sababu mnyoo aliyelegea bado anang'ang'ania. Na hapo ndo niliwaona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza, vipande vyembamba vinaonyesha hadi upande wa pili, vinajikunja vinaanguka kwenye sakafu ya ndoo nyeupe. Tumia ndoo nyeupe jamani, kwenye ndoo ya bluu hutaona kitu.

Kabla ya kusuuza ndo kazi ya wembe. Mfupa wowote usio na nyama nakwangua, na sehemu ya chini iliyokufa nakata kabisa natupa pamoja na plagi yake, kile kikalio kidogo linapobandikwa, tumbawe linabandikwa upya kwenye plagi mpya kwa supagluu nzito ya jeli. Inauma kukata tumbawe ulilolilea toka likiwa na ukubwa wa kidole, lakini kile kipande cha chini ndo wodi ya wazazi ya wale minyoo, hakina faida nyingine yoyote.

Aprili

Josho linaendelea kila wiki. Minyoo mikubwa imeisha, sasa vinaanguka vidogo sana ambavyo bila lenzi huvioni, na hicho ndo nilichokitegemea, ni mayai yaliyonipita yanaanguliwa. Ile ya kijani imetoa polipu usiku.

Nilipokuwa na tochi mkononi nikakagua na vingine. Montipora nimezigeuza nikaangalia chini kama kuna wale makoa (konokono wasio na gamba) weupe wadogo wanaokula montipora, maana nao mtindo ni ule ule, mayai hayasikii dawa. Hakuna. Aiptasia, zile anemoni zinazoota kama magugu, zipo tatu nyuma ya mwamba, hizo usizikate wala kuziponda, kila kinyama kinachobaki kinaota aiptasia mpya, nimezichoma sindano ya chokaa nzito ya kalisiamu haidroksaidi nikiwa nimezima pampu. Watu wameniuliza kwa nini siweki wale makoa aina ya Berghia wanaokula aiptasia peke yake, ni wazuri sana, tatizo nimeshamnunua samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, na yeye akikutana na Berghia anamla.

Huyo mistari sita nimemweka kwa sababu ya minyoo. Wale wale wa James Cook walimjaribu yeye pamoja na kamba wadogo wa jamii ya Lysmata, wote wakaonyesha kazi, samaki anameza minyoo na kamba anagusa mpaka mayai. Ni samaki mkorofi kwa wenzake wapole, hilo mlijue kabla ya kununua. Na samaki anapunguza tu, hamalizi, kwa hiyo josho halikwepeki.

Na zoa, nawaomba sana hapa. Zoa na hasa ndugu zake palithoa zina sumu inayoitwa palitoksini. Mwaka 2018 kule Steventon, Oxfordshire, familia ilikimbizwa hospitali baada ya tumbawe kwenye tangi lao kutoa sumu wakati wa usafi, na wazima moto waliokwenda kusaidia nao wakapelekwa. Usichemshe mwamba, usisugue kwa brashi nje ya maji, usipulizie maji ya moto. Glavu na miwani kila siku ya kazi. Mimi siku ya josho watoto hawaingii hicho chumba na dirisha linafunguliwa hata kama nje kuna baridi ya kukata masikio.

Mwishoni mwa Mei

Majosho ya mwisho yametoka na ndoo safi, mfululizo, hakuna kikubwa wala kidogo, na mifupa yote nimeipitia kwa lenzi hakuna fungu la mayai. Tangi kubwa limekaa bila akropora kwa muda unaozidi ule mzunguko wa siku 38, na nimeongeza wiki juu yake kwa makusudi, sitaki presha ya kuharakisha. Mbili zilikufa, ile ya bluu na kile kipande nilichopewa zawadi. Zilizobaki zina rangi, na ile ya kijani imeshafunika gluu yote kwenye plagi mpya, tena inapanda kwenye kioo.

Jumapili naanza kurudisha. Ya kijani inatangulia peke yake, inakaa pale mbele chini ambapo naweza kuifikia kwa mkono na kuipuliza kila jioni, na nyingine zitasubiri karantini mpaka niridhike nayo. Karantini siivunji, itabaki inawaka hivyo hivyo, kipande chochote kipya kitakachoingia nyumba hii kitakatwa plagi siku ya kwanza na kulala humo mpaka mayai yote yanayoweza kuanguliwa yawe yameshaanguliwa. Picha za ile ya kijani nitaweka ikishatulia.