Tezo moja niliyoiuza mara saba

Aliyenishauri nichapishe kadi za mchango bado namdai laki na nusu. Kadi mia mbili, zilizorudi na hela ni kumi na moja tu. Mji huu mtu atachangia harusi ya mtoto wa jirani wa shemeji yake, maana mwishoni kuna pilau. Mnara hauna pilau.

Mnara wenyewe ni wa kumkumbuka fundi wetu wa majahazi, marehemu, huku Kigamboni. Hakuwa na ramani wala karatasi. Taruma, ile mbao ya mbavu za chombo, alilipima kwa jicho, akalichonga kwa tezo, shoka lake la kuchongea, kisha akapitisha kiganja ubavuni mwa chombo kama anayempapasa ng'ombe. Watoto wetu shuleni wanaijua Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani na Meyer mwaka 1913, ikapita bandari yetu hii ndani ya makasha ikielekea Kigoma kwa treni. Huyu aliyelaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, mchangani mbele ya nyumba zao hawamjui.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilipokuwa napita Samora nikamtazama yule Askari wa shaba, kasimama pale tangu 1927, nikasema na sisi tutamsimamisha wetu. Mchongaji aliponitajia bei nikashika ukuta. Bado nikajitia ushujaa, nikaenda kumwambia mjane.

"Mwanangu, mume wangu unataka kumfanya sanamu?"

Hakupandisha sauti. Alinimiminia kahawa, nikainywa nikitazama mkeka. Baadaye akasema chombo cha mwisho cha mumewe kinaozea ufukweni, mkuku wake mzima na mataruma bado yana nguvu. Kisimamisheni hicho. Akaingia ndani akatoka na tezo, mpini umeng'aa kwa jasho la miaka.

Alfajiri nikavuka nayo kwa pantoni hadi soko la samaki la Feri. Dalali mmoja wa samaki alikubali kuipitisha mnadani, katikati ya fungu la vibua na nguru mmoja mnene. Akaanza na elfu kumi. Ikapanda hadi arobaini, mchuuzi mmoja akaipata, akanyoosha mkono.

"Tajiri, unaichukua ukachonge nini, maini?" dalali akamuuliza. Watu wakacheka. "Lipa, uirudishe mezani."

Akalipa, akairudisha. Ikauzwa tena. Na tena. Kufika mara ya tano wanunuzi walikuwa wanagombea aibu ya kutonunua, si tezo. Ya saba akaichukua mzee mwenye mashua kwa laki mbili taslimu, akaitia kwapani na kuondoka zake. Nikamkimbilia mpaka kwenye gari, viatu vimejaa maji ya samaki, namweleza kuwa ile ilikuwa mbinu tu.

"Mimi nimenunua," akasema. Kumbe jahazi la baba yake liliundwa na fundi huyu huyu. Akaniwekea sharti: tezo atairudisha, ila jina la jahazi lile liandikwe kwenye taruma moja.

Nikarudi pantoni nacheka peke yangu. Sharti hilo ndilo lililotutoa, si mnada. Tukauza mataruma, moja laki tatu, na kila ukoo ukaandika jina la chombo chake. Majina ya watu tulikataa, yangeleta ugomvi wa nani mbele nani nyuma. Mataruma 22 yakaisha ndani ya mwezi, wengine wakabaki wanalalamika. Hela zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mama mmoja wa kikoba chetu. Zingeingia yangu, wangesema nimepaua nyumba.

Ujenzi sina la kusema, isipokuwa msingi tulichimba karibu na maji, tukakumbushwa sheria ya mita 60, tukafukia na kuanza upya. Saruji mifuko kumi na minne, labda kumi na sita. Wazee walibishana siku nzima kama chombo kisichoshuka tena majini kinahitaji deheni, yale mafuta ya kuzuia maji. Wakakipaka.

Tezo nilimrudishia mjane jioni ile ile ya mnada, nimeifunga kwenye kitambaa kizuri. Wiki iliyofuata nikamkuta anaichanjia kuni.