Kioo Chini ya Uyoga

Jumatano, jioni

Mvua imenyesha wiki nzima, na leo nimesimama mbele ya ule uyoga ulio kwenye mjakaranda wetu, kando ya tangi la maji. Tulipohamia hapa miaka minne iliyopita ulikuwa mdogo kama kisosi. Sasa unakaribia sinia. Hauna mguu wala mwavuli kama uyoga wa kuchuma. Umetokeza shinani, karibu na mizizi, kama rafu iliyopigiliwa ukutani. Juu ni wa hudhurungi, wenye matuta matuta, na ni mgumu: ukiugonga kwa kidole unalia kama ubao. Ukingoni una utepe mweupe, laini, ambao bado unakua.

Kilichonivuta ni unga. Majani makavu yaliyo chini yake yamefunikwa vumbi la rangi ya kakao, na hata mgongo wa uyoga wenyewe umepakwa. Nilidhani mtu amemwaga kitu. Kumbe ni spora, zile mbegu ndogo zisizoonekana moja moja. Hudondoka kutoka upande wa chini, kisha hewa huzipandisha na kuzilaza juu ya uyoga uliozizaa.

Nimeamua kuutafutia jina.

Ijumaa

Jambo la kwanza nililojifunza: usiutazame juu tu, utazame chini. Sikutaka kuuvunja, kwa hiyo nilichukua kioo changu cha pochi, nikapiga magoti kwenye matope na kukiingiza chini yake. Hapakuwa na vile vipande vyembamba vinavyopangana kama kurasa za kitabu. Palikuwa na vitundu, vidogo mno, maelfu kwa maelfu, kama mtu ametoboa karatasi nyeupe kwa ncha ya sindano. Nikakwaruza kidogo kwa ukucha. Papo hapo weupe ukageuka kahawia, na alama ikabaki. Kuna watu huchora picha nzima kwenye uyoga wa namna hii kwa njiti tu, ukikauka mchoro unadumu miaka.

Uyoga wa miaka mingi, vitundu, unga wa kakao, alama ya kahawia: Ganoderma. Jina lina asili ya Kigiriki, maana yake ngozi ing'aayo, ingawa huu wetu haung'ai. Wako ndugu zake wenye mgongo kama uliopakwa vanishi. Ni Ganoderma ya aina gani hasa? Huku kwenye joto zinafanana sana, na kuzitenganisha kunataka hadubini na maabara. Kwenye daftari nimeandika hilo neno moja, nikaacha nafasi mbele yake.

Jumamosi

Nimeshinda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi. Nilienda kwa sababu moja: pale miti mingi ina vibao vya majina, na kuujua mti ni nusu ya kuujua uyoga wake. Bustani hiyo ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni, wakati reli ilikuwa inakula kuni.

Kwenye tawi kavu lililopigwa na jua nilikuta uyoga mwembamba wa rangi ya chungwa iliyokolea, juu na chini. Huo hauhitaji kubishaniwa, ni Pycnoporus. Mwingine, mdogo kama kucha, mweupe wenye manyoya, ulinidanganya mpaka nikaweka kioo: chini hauna vitundu, una mikunjo iliyopasuka katikati. Schizophyllum. Wakati wa kiangazi hujikunja ukakauka, mvua ikija unajifungua na kuendelea na kazi.

Lakini kilichonikalisha chini ni gogo moja lililoanguka. Uyoga wa zamani, uliokua mti ukiwa wima, sasa umesimama kama sahani kwenye kabati la vyombo. Na kwenye gogo hilohilo umeota mpya, umelala sawasawa na ardhi. Lazima vitundu vitazame chini, la sivyo spora hazitoki. Mti ulianguka, kuvu likapima upya chini ni wapi. Nimekaa hapo nusu saa.

Jumapili

Nimemkuta mzee anayetunza bustani yetu ameshika panga, anataka kuubandua.

"Mama, acha niutoe, mti upone."

"Mzee wangu, huo ni tunda tu. Mwenyewe yuko ndani."

Nikamweleza kwamba kuvu lenyewe ni nyuzi nyembamba zilizopita ndani ya mbao, pengine miaka mingi kabla ya rafu kutokeza. Kuubandua ni kama kuchuma maembe ukidhani umeung'oa mwembe. Kuvu la aina hii hula lignini, ile gundi inayokaza mbao, pamoja na selulosi, nyuzinyuzi za mbao zenyewe, mbao zikabaki nyeupe, laini, kama sponji. Na linapokaa kwenye kitako cha mti, ndipo mti unapopoteza pa kusimamia, hata kama majani bado ni mabichi na maua yanakuja kila Oktoba.

Mzee hakubisha. Aligeuza panga, akagonga shina kwa mpini, akizunguka polepole. Upande wa lango sauti ilikuwa nzito. Upande wa tangi ikawa ya ngoma. Tukatazamana. Watoto hucheza upande huo.

Naupenda mti huu. Nimeanika nguo chini yake na kuuguza huzuni zangu chini yake. Lakini nimewaandikia majirani wote usiku huu kwamba bembea iondolewe kesho asubuhi, na tumwite fundi wa miti apunguze matawi ya juu, kisha aseme kama shina lina nguvu ya kubaki.

Mzee, kabla hajaenda, aliniomba kile kioo. Akapiga magoti akatazama muda mrefu. "Ni vingi," akasema, "kama nyota."