Jinsi nilivyomsaidia kaka yangu kuacha sigara na pombe akiwa kwenye matibabu ya kansa ya koo

Maneno yaliyonichosha kuliko yote tangu kaka yangu aambiwe ana kansa ya koo la chakula ni haya, "mwacheni avute tu, si ameshaumwa, itamwongezea nini tena". Walisema majirani, wakasema ndugu, hata mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri kuitwa. Jamani inaongeza, na ndo maana naandika.

Kaka ni mtu wa Rombo, Kilimanjaro, mbege, ile pombe ya ndizi, kaianza kijana na sigara ikafuata hukohuko, alafu kipindi cha viroba, zile pombe kali za pakiti ndogo, kabla serikali haijavipiga marufuku 2017 ndo ilikuwa balaa kabisa. Ugonjwa ulianza na nyama kumkwama, baadae ugali, baadae hata ndizi laini anasukumia na maji, suruali ikawa inafungwa na kamba. Wakamwingiza mpira wenye kamera wakakata kinyama wakapima, majibu yakaja ni ile aina inayoota kwenye ngozi laini ya ndani ya koo, ambayo ndo nyingi huku kwetu, maana kuna ukanda mzima kuanzia Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini ambako huu ugonjwa uko juu. Na niseme mapema, wapo wengi wanaoupata na hawajawahi kuonja pombe wala kushika sigara, so ukimwona mgonjwa usianze kumhukumu. Ila hivyo viwili ni visababishi vikubwa, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari haijumlishwi tu, inazidishwa.

Ugonjwa ulikuwa haujasambaa, akapangiwa mionzi na kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, Dar, akafikia kwangu. Kliniki ya kwanza nikamuuliza daktari makusudi kaka akiwa anasikia, dokta, akiendelea kuvuta kinaharibika nini? Akaeleza taratibu. Mionzi inaua seli za kansa vizuri zikiwa na oksijeni, sasa moshi wa sigara una kaboni monoksaidi ambayo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, maana yake unakuja kupigwa mionzi huku umeshaipunguza nguvu mwenyewe. Vidonda vinachelewa kupona, nimonia inamkamata kirahisi, na kama atahitaji upasuaji mapafu ya mvutaji yanasumbua sana. Pombe nayo ikiingia mwilini inageuka asetaldehaidi, sumu inayoharibu seli, na hiyo haikuharibu pale penye uvimbe peke yake, mdomo, koromeo na koo lote vimepitiwa miaka yote hiyo, so unaweza ukatibu huu uvimbe ukaota mwingine pembeni. Akasema Japani waliwafuatilia watu waliotolewa kansa changa ya koo kwa kamera, utafiti ukatoka 2016, walioacha pombe walipata kansa mpya chache kuliko walioendelea kunywa. Kaka akauliza, kwa hiyo nikiacha napona? Daktari hakumdanganya, alimwambia kansa hii ni ngumu na wengi wanafika wamechelewa, lakini wanaoacha wanaishi muda mrefu kuliko wanaoendelea na wanavumilia matibabu vizuri zaidi. Yeye kusikia kwa masikio yake kulisaidia kuliko mimi mdogo wake kumwimbia nyumbani kila siku.

Pombe tuliianza kwa ukweli. Nilitaja pale pale kiasi anachokunywa, chote, kaka akaninunia mpaka jioni. Lakini mtu anayekunywa kila siku ukimkatisha ghafla anaweza kutetemeka, jasho, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata degedege, na inaweza kumuua, hili watu hawalijui wanamfungia mgonjwa ndani wanadhani wanamsaidia. Yeye wakampa dawa za kumtuliza na vitamini B1, wakamwangalia kwa karibu siku za mwanzo, akavuka salama.

Sigara ndo ilikuwa vita. Nikamchunguza nikagundua hamu ina saa zake, asubuhi na chai, alafu baada ya kula mchana. Chai ya moto nikaiondoa kabisa, nayo ina shida yake, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walishasema 2016 kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia kansa hii hii. Akawa anapata uji wa uvuguvugu na mtori uliosagwa, na uji hauendi na sigara, mwenyewe alisema. Mchana akimaliza kula tu namwekea ungo wa mchele achambue. Anasema "mdogo wangu, mikono inaniwasha", namwambia kaka maliza kwanza huo ungo. Anatoa chuya moja moja, anazipanga pembeni kwenye kisahani, ikifika katikati ya ungo hamu imeshashuka maana ile kali kali haikai sana, ni dakika chache. Mlinzi wa getini aliyekuwa anavuta naye nilimwomba kiungwana asimpe hata moja, akakubali na akaheshimu.

Nilichokiogopa ni kurudi Rombo. Huko mbege sio pombe, wanakwambia ni chakula, na kukataa kata, kile kibuyu cha kunywea, uliyopewa na mkubwa ni dharau. Kwa hiyo kabla hajapanda basi nikampigia baba mdogo, nikamweleza yote ya daktari, nikamwomba yeye ndo awe msemaji. Kukawa na shughuli ya ukoo, mzee mmoja akanyoosha kata kwa kaka, baba mdogo akaipokea yeye, akasema kwa sauti, "huyu ana dawa za hospitali, asishawishiwe na mtu hapa". Ikaisha. Kijana angekataa mwenyewe ingekuwa maneno mpaka usiku, ila mzee akishasema hamna wa kubisha.

Sa hivi anameza wali laini, koo lilibana kidogo baada ya mionzi wakalipanua, kliniki anaenda kila anapopangiwa. Juzi wifi kapiga simu anauliza kama bia isiyo na kilevi anaruhusiwa, maana jina linasema haina ila kwenye chupa nyingine imeandikwa asilimia kidogo. Nimemwambia waende na hiyo chupa kliniki wamuonyeshe daktari.