Fala alikuwa juu, sisi tunamtafuta chini

Ule mtambo wa kukunjia tanga la mbele Wazungu wanauita kwa jina ambalo likifika masikioni mwetu linakuwa "fala". Mabaharia wangu hawachoki nalo. "Nahodha, fala leo kaamkaje?" Mwaka huu niliacha kucheka, maana kwa miezi miwili fala nilikuwa mimi.

Chombo changu ni yoti ya futi 38. Niliinunua kwa Mfaransa aliyechoka na bahari, na kazi ya chombo ni kupakia wageni jioni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, tunateleza mpaka upande wa kisiwa cha Tumbatu, tunarudi jua likizama. Jahazi lina foromali (mti unaobeba tanga), henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulishikia tanga chini), kitu kikikwama unakiona. Yoti tanga lake la mbele linajiviringisha kwenye bomba la aluminiamu, na ndani ya bomba umepita waya unaoushika mlingoti usilale nyuma. Chini kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kuna gurudumu la kamba, tunaliita ngoma. Unavuta kamba, bomba linazunguka, tanga linakunjika kama mkeka. Likipenda.

Mwanzo lilikuwa zito tu. Halafu siku moja ya kusi, wageni wanane chomboni, upepo ukapanda ghafla, navuta kamba haiji. Nusu ya tanga iko nje inapiga kama bati lililong'oka. Nikafanya jambo la aibu: nikaipeleka kamba kwenye winchi, ule mtambo wa kukazia kamba kwa nguvu, nikakaza. Ikasogea robo mzunguko na kutoa sauti ya "krrk". Nikafurahi! Sauti ile nilikuja kuielewa wiki tatu baadaye.

Kilichotuokoa ni mashine. Nililegeza demani, nikalaza usukani upande mmoja, tukazunguka palepale mara sita mpaka upepo wenyewe ukalizungusha tanga kwenye bomba, tukalifunga kwa kamba kama mzigo wa makuti. Wageni walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama ndiyo mila yetu ya kuaga jua. Nikamwambia ndiyo, tangu enzi za mababu.

Sasa, Nungwi kila mtu fundi wa vyombo. Mjomba wangu, ambaye maisha yake yote hajapanda yoti, alisema, "Mwanangu, kitu kinachozunguka kinataka grisi." Nikatia grisi, nusu kopo. Kumbe beringi za ngoma yangu ni gololi za plastiki, zinataka kuoshwa kwa maji baridi ya kisima na kuachwa hivyohivyo. Grisi ikashika chumvi, ikashika mchanga, ikawa kama uji wa dengu. Kuiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kulinimalizia siku. Fundi mwengine nikamlipa kama laki hivi, akaizungusha ngoma kwa kidole, akatikisa kichwa, akasema imekufa, ninunue mpya. Bei ya mpya naweza kujenga banda la ng'ombe na kumtia ng'ombe ndani.

Faida pekee ya kufungua kule chini ni kwamba niliikuta pini kubwa inayoshika waya kwenye omo imezuiwa na msumari uliokunjwa. Msumari wa kupigilia mbao! Badala ya spliti pini ya stenlesi, kile kipini cha kukunja kisichoshika kutu, ya shilingi mia kadhaa. Ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki kama sindano. Sijui ni Mfaransa au ni nani, lakini mlingoti wa mita kumi na sita tumekwenda nao Tumbatu na kurudi ukining'inia kwenye msumari.

Aliyeuliza swali la maana ni mpwa wangu, ana miaka kumi na tisa. "Mjomba, mbona juu hapandi mtu?" Tukampandisha. Akapiga kelele kutoka kule, "Henza imejisokota kwenye bomba kama nyoka kwenye mnazi!"

Mambo yako hivi. Juu kuna kiungo cha sehemu mbili. Sehemu ya chini inashika tanga na inazunguka nalo, ya juu inashika henza na inatakiwa isimame tuli. Ili isimame, henza lazima iukimbie waya kidogo ikielekea mlingotini, digrii kama kumi. Tanga langu nililikata mwaka juzi kwa sababu lilichanika kichwani, likawa fupi, kile kiungo kikabaki chini sana, henza ikawa inakwenda sambamba na waya. Ukivuta ngoma, na henza nayo inajizonga. Ukitia winchi, unaunyonga waya wenyewe.

Dawa yake ni kuunganisha kipande cha kamba isiyovutika kati ya kichwa cha tanga na kile kiungo, kipande cha urefu gani? Hapa ndipo nilipojiona mwerevu. Nikateremsha tanga, nikapandisha kiungo kitupu mpaka mpwa wangu akasema basi hapo. Kizuri. Kiteremshe. Hakiteremki! Hakina uzito, na mimi sikukifunga kamba ya kukivutia chini. Mpwa wangu akapanda mara ya tatu siku ile, haongei nami.

Mara ya pili nikafunga mshipi wa kuvulia kwenye kiungo. Kikapanda nao mpaka pahala pake, nikatia fundo kwenye mshipi usawa wa ngoma, kisha nikakivuta chini kwa mshipi uleule. Tukalilaza tanga mchangani, mshipi ukanyooshwa ubavuni mwake, tofauti ikatoka yenyewe: sentimita tisini na mbili. Nilipita ufukweni jioni ile natembea kama mhandisi wa bandari.

Furaha ilikatizwa na pamba. Nilikuwa nimempa mpwa wangu bonge la pamba apitishe pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma juu ya mlingoti, maana pamba huuona uzi wa waya uliokatika kabla ya jicho, na ukitumia kidole utauona kwa damu. Pamba iliganda pahala pawili. Waya wa nyuzi kumi na tisa, mbili zimekatika. Ndiyo ile "krrk".

Uzi mmoja tu ukikatika, waya mzima unabadilishwa. Mjomba wangu wa grisi akasema zimebaki kumi na saba.

Waya wa milimita 8 ulikuja na rafiki anayefanya kazi melini, kutoka Durban, kichwa kimoja kimebanwa na mashine, upande wa pili mtupu ili upite ndani ya bomba. Yote, pamoja na nauli na chai za watu, haikufika milioni mbili, lakini haikuwa mbali. Siku ya kushusha tulingoja maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haitoki sana, na asubuhi kabla ya upepo. Henza mbili za akiba tukazifunga omo zikashika mlingoti, mashua ya jirani ikasimama mbele yetu, na watu sita wakalipokea bomba mabegani kama wanavyobeba foromali. Likipinda halinyooki tena, na pingili zake haziuzwi sokoni Darajani.

Kichwa cha pili nilikifunga mwenyewe kwa spana mbili. Unazifumua nyuzi kumi na mbili za nje, unavika koni ndogo kwenye saba za ndani, unazirudisha za nje juu ya koni, unakaza. Mara ya kwanza nyuzi mbili zilipanda juu ya nyingine, nikafungua. Mara ya pili zilikaa kama vidole vya mtu anayeomba dua.

Sasa mtoto wa miaka kumi analikunja tanga lile kwa mkono mmoja. Mjomba anawaambia watu barazani kuwa ilichelewa kidogo kuingia, lakini ni ile grisi yake.